Je, Yafaa Kuzuia Mkutano kwa Ajili ya Amani?

Mwezi huu twapenda kuwaza pamoja nanyi neno moja gumu. Watu wakitaka kukutana, na wengine wakauchukia mkutano ule hata kutishia fujo, je, yafaa mkutano uzuiwe ili mji ukae salama?

Tutwae mfano. Katika Tongoni, kusini ya Tanga kwenye njia ya Pangani, pana msikiti wa kale uliobomoka na makaburi ya nguzo, karibu na pwani. Tuseme watu fulani wametoa habari kwamba watakutana uwanjani siku ya Jumamosi. Labda ni wahubiri wageni, labda ni watu wa siasa, labda ni ngoma ambayo wazee hawaipendi. Jioni ile ile habari yapita katika simu za watu, na kila aipokeaye aiongeza kidogo. Kabla hakujacha imekuwa kwamba wageni waja kuyatukana makaburi ya wazee. Vijana wasema, "Waje tu, watatuona." Mwenyekiti wa kijiji aamshwa usiku. Afanye nini? Wengi watamwambia, "Zuia mkutano, yaishe."

Shauri hilo hatulidharau. Asemaye hivyo hataki damu imwagike, naye ana haki kuogopa. Lakini kabla ya kulikubali, na tukumbuke mambo yaliyopata kutokea katika pwani hii.

Hapo zamani vijana wa Tanga na miji mingine walicheza beni, yaani ngoma ya kuiga bendi ya askari, wakagawanyika katika vyama vya Marini na Arinoti. Walishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo, na mara nyingine mashindano yakawa magomvi. Wamisioni wengi waliichukia, wakataka Wakristo wakatazwe. Baada ya Vita Kuu ya kwanza serikali ya Waingereza nayo ikaishuku. Lakini vyama vile vilikuwa pia vyama vya kusaidiana katika ugonjwa na katika msiba. Waliosikia kelele za ngoma peke yake hawakuyajua hayo. Twalitaja jambo hili kwa sababu makanisa nayo yalikuwa upande wa wakatazaji, ilhali yenyewe yaliishi kwa kukutana kila Jumapili.

Katika Tanga hiyo hiyo, mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali, nacho kiliwakusanya Wakristo na Waislamu pamoja. Na mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilimzuia Julius Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara, ikidai kwamba maneno yake yaweza kuvunja amani. Miaka minne baadaye mtu huyo alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru. Basi twaona kwamba "amani" ni neno jema, ila laweza kutiwa kinywani mwa mtu asiyependa kusikia tu.

Tena kuzuia kwenyewe hakuleti salama sikuzote. Mwezi wa Januari 2001, wafuasi wa chama cha CUF walitaka kuandamana wakipinga uchaguzi wa Zanzibar wa mwaka 2000. Serikali ilikataza. Watu waliandamana hata hivyo, polisi wakapiga risasi, na katika Unguja na Pemba watu zaidi ya 20 waliuawa. Askari polisi naye aliuawa. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, katika nchi ya Kenya, kaskazini ya Tanga. Waliokataza walisema walitaka usalama. Wajane na yatima wa siku zile waulizwe kama waliupata.

Sheria yetu nayo imelitafakari neno hili. Katiba, katika ibara ya 20, yampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenziwe kwa hiari na kwa amani. Hata hivyo sheria ya zamani ilitaka mtu apewe kwanza kibali. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1994, huko Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba sharti la kibali lapingana na Katiba. Maana yake si ngumu kuielewa: uhuru ambao huna budi kumwomba mwingine akupe, naye aweza kukunyima apendavyo, bado uko mkononi mwake. Mwaka 1995 sheria ilibadilishwa, ikawa imtosha mtu kumpa polisi taarifa saa 48 kabla ya mkutano. Lakini sheria njema haijilindi yenyewe. Tangu mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa, hata tarehe 3 Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa zuio lile.

Sasa turudi kwa mwenyekiti wetu. Twadhani yampasa kuuliza kwanza: hatari yatoka kwa nani? Kama wale wanaokutana wamejiandaa kupiga watu au kuchoma nyumba, huo si mkutano wa amani, na kuuzuia ni haki. Kama hatari yatoka kwa wale waliokasirika, basi kumzuia anayetaka kukutana ni kumwadhibu asiyekosa kwa kosa la mwingine. Na vijana watajifunza nini? Watajifunza kwamba atishiaye hushinda. Leo watawatisha wageni. Kesho watautisha mkutano wa ushirika wa wavuvi. Kesho kutwa arusi ya jirani wasiyempenda.

Mtu atatujibu, "Ninyi mwasema hivyo kwa kuwa mko mbali. Polisi wako Tanga mjini, nasi tutalala na moto." Neno hili ni kweli, na hatuna jibu jepesi. Uhuru wa kukutana haumpi mtu ruhusa ya kuleta vita mlangoni pa jirani yake. Kwa hiyo ni halali wazee wawaendee wageni na kuwaomba wakae mbali na makaburi, au wabadili saa. Na wageni wenye adabu watasikia. Lakini kuomba ni mbali na kuamuru, na kuhamisha saa ni mbali na kufuta. Kama hata hivyo hatari ni kubwa kupita nguvu za kijiji, yafaa kuahirisha kwa siku zinazojulikana, hata walinzi wapatikane. Wala kuahirisha kusigeuzwe kuwa njia ya kukataza milele.

Hali kadhalika yampasa mwenyekiti awaite vijana, awaulize habari ile ya makaburi waliipata kwa nani. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na ulimi wa siku hizi umo katika simu. Asiyependa mkutano ana njia zake: asiende, apinge kwa maneno, aitishe mkutano wake mwenyewe siku nyingine. Njia hizo zote ni za uhuru ule ule anaotaka kumnyima mwenzake.

Nasi tusomao ukurasa huu tujihoji. Siku tunapoambiwa kwamba watu tusiowapenda wamezuiwa kukutana, twafurahi au twasikitika? Kama twafurahi, tukumbuke kwamba katika miji mingi ya pwani hii sisi tu wachache, na mlango unaofungwa kwa jirani leo hufungwa kwa ufunguo ule ule utakaotufungia sisi.