Mbwa Mchungaji na Haki Yake ya Kazi

Ndugu msomaji, je, mtu aweza kumdhulumu kiumbe ampendaye? Wengi watajibu upesi kwamba haiwezekani, kwani dhuluma ni tunda la chuki, na ampendaye kiumbe humtakia heri. Lakini tukizingatia vizuri tutaona kwamba iko dhuluma itendwayo kwa mikono laini, penye chakula kingi na malazi mazuri. Nataka kulieleza jambo hili kwa mfano wa mnyama ambaye katika nchi hii ya Uingereza, ninamofundisha, hufugwa na watu wengi majumbani mwao, naye ni mbwa wa kuchungia kondoo wa aina iitwayo Border Collie.

Najua kwamba wasomaji wetu wengi wa Afrika ya Mashariki hawafugi mbwa nyumbani, na huenda wengine wakastaajabu kuona ukurasa huu umepewa mnyama huyo. Nawaomba wavumilie kidogo. Swali lililomo humu si la mbwa peke yake. Ni swali la kila mwenye mamlaka juu ya kiumbe aliyepewa akili na nguvu.

Mbwa huyu asili yake ni vilima vya mpakani baina ya England na Scotland. Huko kondoo hutawanyika milimani, na mchungaji mmoja pasipo mbwa hawezi kuwakusanya hata akikimbia kutwa nzima. Kwa hiyo wachungaji wa zamani, kizazi baada ya kizazi, walichagua mbwa wa kuzalisha kwa kazi yao, wala si kwa uzuri wa sura. Mwaka 1873 yalifanyika mashindano mashuhuri ya mbwa wa kondoo mjini Bala, huko Wales. Mwaka 1893 akazaliwa Northumberland mbwa aitwaye Old Hemp, aliyekuwa wa Adam Telfer, ambaye alifanya kazi kwa ukimya na utulivu mkubwa hata wachungaji wengi wakataka uzao wake. Karibu mbwa wote wa aina hii walioko leo huhesabiwa kuwa ni wa kizazi chake. Na mwaka 1906 kikaundwa chama cha kimataifa cha wenye mbwa hao.

Namna afanyavyo kazi ni ya kustaajabisha. Huwaendea kondoo kwa kuwazunguka mbali, wala hawabwekei. Kisha huinamisha kichwa, huukaribisha mwili wake na ardhi, na kuwakazia macho mpaka kundi zima linageuka na kwenda atakako bwana wake. Wataalamu wa tabia za wanyama husema kwamba mwendo huo watokana na uwindaji. Mnyama mwindaji hutafuta, hukazia macho, hunyemelea, hufukuza, kisha hukamata na kuua. Katika mbwa huyu hatua za mwanzo zimetiwa nguvu na za mwisho zimedhoofishwa. Zingatieni, basi, jambo hili la ajabu: silika ile ile iliyomfanya mbwa-mwitu kuwa adui wa kondoo, ndiyo iliyoelekezwa ikawa ulinzi wao. Haikung'olewa, bali ilipewa mahali pake na mpaka wake.

Na mahali hapo pasipokuwapo, adui hurudi. Mbwa asiyefundishwa, akiachiwa karibu na malisho, huwafukuza kondoo mpaka wengine wanakufa kwa uchovu na hofu. Ndiyo maana hapa Uingereza sheria ya mwaka 1953 ilifanya kuwa kosa mtu kumwacha mbwa wake awasumbue mifugo katika shamba.

Kuhusu akili yake, utoshe mfano mmoja. Huko South Carolina, Marekani, profesa mstaafu wa elimu ya nafsi, John Pilley, alimfundisha mbwa wake Chaser majina ya vitu 1,022, naye aliweza kukileta kila kimoja kwa kutajiwa jina lake. Habari hizo zilitolewa katika jarida la kisayansi mwaka 2011. Watu waliposikia walisifu akili ya mbwa, na wengi wakatamani kupata mbwa kama huyo. Lakini ni wachache walioitazama hesabu ya pili, yaani kwamba mwalimu wake alimpa saa nne hadi tano kila siku kwa muda wa miaka mitatu. Twapenda kumiliki akili, ila hatupendi kulipa gharama yake.

Sasa tazama yampatayo mbwa huyu anapochukuliwa mjini awe pambo la nyumba. Mwenye nyumba huondoka asubuhi, hurudi jioni. Mbwa amelishwa, ana godoro lake, tena hupapaswa kichwa kwa upendo. Lakini ile akili yake haikulala. Inapokosa kazi hujitafutia kazi. Atawachunga watoto wa nyumbani na kuwauma visigino wanapokimbia. Atazifukuza baiskeli na magari. Atatafuna milango, atabweka kutwa, au atafuata vivuli na mianga ukutani saa baada ya saa kama aliyerukwa na akili. Ndipo bwana wake husema: "Mbwa huyu ni mbaya," naye hupelekwa kwenye nyumba za kuwatunza wanyama walioachwa. Wakati wa maradhi ya Korona, miaka ya 2020 na 2021, watu wengi wa nchi hii waliokuwa wamefungiwa majumbani walinunua watoto wa mbwa wapate kuwaliwaza. Milango ya ofisi ilipofunguliwa tena, wengine wakaona kwamba hawana nafasi ya kuwatunza.

Je, ni mbwa aliyeharibika? La hasha! Kila alilolifanya ni ile kazi yake njema, isipokuwa imekosa mahali pake. Ubaya umo katika yule aliyeitaka akili bila ya wajibu wake.

Hapa yafaa tuangalie mafundisho ya dini yetu. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maida, imewataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa na watu kwa elimu aliyowapa Mwenyezi Mungu, na ikahalalisha wanachowakamatia. Yaani hata mafunzo ya mnyama yamehesabiwa kuwa ni tawi la elimu itokayo kwa Mungu. Na katika Hadithi mashuhuri Mtukufu Mtume s.a.w. alionya kwamba afugaye mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwindia au wa shamba. Wanavyuoni wameeleza hekima za onyo hili kwa njia mbalimbali, kama vile usafi wa nyumba na usalama wa wageni na wapitao njia. Nami naona ndani yake hekima nyingine pia. Ruhusa yote imefungamanishwa na kazi. Mbwa anayeruhusiwa ni yule aliye mahali pake, afanyaye lile alilopewa uwezo wa kulifanya. Hivyo onyo hilo humlinda mwanadamu, na humlinda mbwa mwenyewe vile vile, asifanywe mchezo. Wala mtu asidhani kwamba mnyama huyo amedharauliwa, maana ni Mtume huyo huyo s.a.w. aliyetusimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu.

Huenda mtu akauliza: "Je, kazi si taabu? Mbwa anayelala juu ya zulia si bora kuliko yule anayekimbia mvuani juu ya milima?" Swali hili ni zito, kwani wengi wetu hata katika mambo ya wanadamu twadhani kwamba raha ni kutokuwa na kazi. Lakini mbwa mwenyewe amekwisha lijibu. Anayemfundisha kuchunga hana haja ya kumpa kipande cha nyama kwa kila alitendalo vema. Ujira wake ni kuruhusiwa kuwaendea kondoo, na akikosea, adhabu yake ni kuzuiwa asiwaendee. Kiumbe ambaye kazi ndiyo ujira wake na kuondolewa kazini ndiyo adhabu yake, sisi tumwite mwenye raha kwa sababu tumemnyima kazi? Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, itumikayo England na Wales, imekiri jambo hili ilipotaja miongoni mwa mahitaji ya mnyama, pamoja na chakula bora na makao yafaayo, kwamba aweze kuonyesha mwenendo wake wa kawaida.

Mwingine atasema: "Basi asiye na kondoo asimfuge kamwe?" Sisemi hivyo. Lakini amfugaye pasipo kondoo amejitwika deni, na deni hilo lina sehemu tatu.

Kwanza, ampe kazi nyingine badala ya ile. Wako wanaowafundisha kutafuta vitu kwa harufu, kuleta vyombo kwa majina, kuruka vizuizi kwa amri, na hata kuwatafuta watu waliopotea milimani. Kumkimbiza tu hakutoshi. Mbwa akimbizwaye kila siku bila kutumia akili hupata nguvu zaidi za kukimbia, na kesho hutaka mara mbili. Robo saa ya kufikiri yaweza kumtuliza kuliko saa nzima ya kukimbia.

Pili, amfundishe kuacha. Mchungaji humpa mbwa wake amri chache: ya kulizunguka kundi kama mishale ya saa iendavyo, ya kulizunguka kinyume chake, ya kwenda mbele, ya kulala chini, na ile ya kumwambia kwamba yatosha, rudi. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kupita zote, kwa maana yamtaka aiache furaha yake kuu ingali mbele ya macho yake. Mbwa asiyejua kuacha, hata awe hodari namna gani, hafai kitu. Nguvu bila breki ni balaa.

Tatu, mwalimu aifundishe nafsi yake kwanza. Mbwa huyu husoma mwendo wa mkono na mabadiliko ya sauti. Leo ukimkataza jambo na kesho ukalichekea, amejifunza kwamba neno lako halina maana. Ukimpiga kwa hasira, amejifunza kukuogopa, hakujifunza kazi. Na mafunzo haya huanza mapema. Wiki za kwanza za maisha yake, hata kabla ya kutimiza miezi minne, ndizo azoeapo watu, sauti na mambo ya dunia. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Asiyeweza kulipa deni hili, heri asimchukue. Kumwacha kwa mchungaji ni kumpenda zaidi kuliko kumleta nyumbani. Upendo wa kweli hauanzi kwa kuuliza, "Kiumbe huyu atanifurahisha nini?" Huuliza, "Ameumbwa kwa ajili ya nini, nami naweza kumfikisha huko?"

Ndugu msomaji, simlinganishi mwanadamu na mnyama, hata kidogo. Lakini mwenye macho hupata mazingatio kwa wanyama pia. Ikiwa mbwa mwenye akili, asipopewa kazi na mpaka, huharibika penye chakula tele, je, kijana wetu mwerevu, mwenye nguvu za ujana, tunayemlisha, tunayemvisha na kumlipia kila kitu bila kumkabidhi jukumu lolote? Anapojitafutia kazi mitaani sisi husema, "Kijana huyu ni mbaya." Mara ngapi tumemuuliza ana uwezo gani, na tumempa mahali gani pa kuutumia? Na sisi wenyewe, vipawa tulivyopewa na Muumba wetu tumevitumia, au tumevilaza juu ya zulia?

Kila uwezo ni amana, na amana iliyo chini ya mkono wako utaulizwa juu yake. Mwenyezi Mungu atujalie kuwatendea viumbe wake kwa haki na huruma, kila mmoja kwa kadiri ya maumbile aliyopewa, na atuepushe na upendo unaojipendeza wenyewe. Amin.