Jani la Kando ya Mwalo

Kaa hapa, mjukuu wangu. Nimechoka kusema, lakini nitasema tena, maana hilo fungu ulilochuma kando ya mwalo wa kuoshea dhahabu limekaribia kuingia chunguni.

Unasema ni lile jani chachu, Rumex la kwenye vitabu vyenu, kwa sababu limeota penye majimaji na jani lake ni refu. Haitoshi. Majani marefu ya penye majimaji ni mengi mno. Shika shina, tazama kwenye fundo, pale jani linapoanzia. Unaiona ngozi nyembamba, kavu, imelizunguka shina? Vema, ukoo umeupata. Lakini Persicaria, lile linaloota hadi kingo za Ziwa Victoria, nalo ni la ukoo huo na lina ngozi hiyo hiyo. Basi nenda kwenye ua. La Persicaria ni la waridi au jeupe, limesongamana kwenye kishada. La Rumex ni dogo, la kijani, wala halipendezi. Likikomaa huwa jekundu au kahawia, na tunda lina mbawa tatu zilizofunika mbegu ya pembe tatu. Hili lako ni la waridi. Tazama mwenyewe.

Na usiniambie ungelionja. Uchachu ule ni asidi ya oksaliki, iliyomo hata kwenye mchicha. Mwenye mawe ya figo asiuzoee. Tena kuonja ni kwa jani la mahali safi. Hapo ulipochuma, juu yake kuna karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na wachimbaji wanachoma zebaki. Siwalaumu, ndiko unga wetu unakotoka. Lakini zebaki ikichomwa hupanda na moshi, ikapoa, ikashukia majani na matope. Haina ladha, na kuchemsha mboga hakuiondoi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipewa jina la mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye zebaki, wakapooza, na watoto wakazaliwa walemavu. Wavuvi wale hawakukosea samaki, mjukuu wangu. Samaki walikuwa wale wale waliowazoea.

Fungu hilo usiwape mbuzi, lifukie. Kesho panda upande maji yanakotoka, kabla hayajafika kwenye karasha na mialo, uniletee shina zima, lenye fundo na ua. Majani matupu sitayatazama.