Je, Mgeni Astarehe Penye Makaburi?

Tulipozunguka kwa motokaa katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, swali moja lilitufuata njia nzima. Twaliandika hapa, maana laweza kumpata mtu ye yote atembeleaye nchi asiyoijua habari zake.

Mwanzo wa safari ulikuwa furaha tupu. Huko Itasca, hifadhi iliyowekwa mwaka 1891, mto Mississippi watoka ziwani ukiwa kijito tu. Tukauvuka kwa kukanyaga mawe, tukicheka kama watoto, hali tukijua ya kuwa maji yale yana safari ya kilometa zaidi ya 3,700 mpaka baharini.

Lakini mto Minnesota uingiapo katika Mississippi, mahali Wadakota wapaitapo Bdote, kicheko kilikoma. Wadakota ndio wenyeji wa nchi ile. Mwaka 1862 fedha waliyoahidiwa kwa ajili ya ardhi yao ilichelewa, na wafanya biashara wakakataa kuwakopesha chakula. Baadhi yao wakashika silaha, wakaua mamia ya walowezi, hata wanawake na watoto. Jambo hili hatulifichi. Kisha watu wapata 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, wakazuiliwa chini ya ngome ya Fort Snelling wakati wa baridi kali, na wengi wakafa. Leo pale pana miti mizuri na njia za kutembea.

Katika mji wa Mankato, tarehe 26 Desemba 1862, Wadakota 38 walinyongwa kwa mara moja. Sasa pana Bustani ya Upatanisho, na majina yao yameandikwa. Tulikuwa na chakula kapuni. Hapana mmoja wetu aliyekifungua.

Tulikuwa tumekusudia kumalizia Upper Sioux Agency, kumbe hapana hifadhi tena. Sheria ya mwaka 1923? La, si ya zamani hivyo: ni ya 2023, na mwaka 2024 zile eka zaidi ya 1,200 zilirudishwa kwa Wadakota wa Upper Sioux, kwa kuwa ndani yake wamezikwa wazee wao waliokufa kwa njaa. Zamani kila motokaa iingiayo ilitozwa ada, kama ilivyo desturi ya hifadhi za jimbo.

Mwenzetu mmoja alinung'unika. Alisema, watu wa leo hawakumwua mtu. Mbona mtoto aliyejifunza kuvua samaki pale anyimwe mto? Tena, tukifunga kila nchi iliyomwagika damu, tutakanyaga wapi? Neno hili lina uzito, nasi hatukuweza kulipuuza. Kutembea si kosa, wala kutojua si kosa sikuzote. Walakini twaona ya kuwa mgeni aliyepewa kiti msibani hukaa, wala hasemi kiti ni chake. Huko Mankato mahali penyewe panamwambia mgeni habari, naye aweza kunyamaza kwa heshima. Huko Upper Sioux neno halikuwa starehe ya mgeni hata kidogo. Lilikuwa ni nani ashike ufunguo wa makaburi ya baba zake.

Mwenzetu hakukubali, na mpaka leo twabishana. Siku ile tulipita barabarani tu, tukaliona bonde kwa mbali, tukaendelea na safari.