Mtu wa Mlangoni

Ushujaa ni sifa ipendwayo na kila taifa, na aghalabu husifiwa zaidi na wale ambao hawakupata kuombwa kuuonyesha. Mtu aingiaye motoni kumtoa mwenziwe hutukuzwa, na kutukuzwa huko ni haki yake. Lakini katika moto iko kazi nyingine isiyoimbwa, nayo ni ya mkuu wa kikosi, ambaye kwa neno lake watu huingia au hubaki nje. Je, mkuu huyo ana haki ya kumzuia mtu aliye tayari kuitoa roho yake kwa ajili ya nduguye?

Jioni ya tarehe 3 Desemba, 1999, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, moto ulizuka ndani ya ghala kuukuu la kuhifadhia vyakula kwa baridi. Ghala hilo lilikuwa refu, lenye ghorofa nyingi na karibu bila madirisha. Kuta zake zilitandikwa kwa ndani lami, povu la plastiki, na gome la mti lile lifanyalo vizibo vya chupa, ili baridi isitoke. Vitu vilivyozuia baridi kutoka vilizuia na joto pia, na vilipoungua vilitoa moshi mweusi ambao mtu hakuweza kuuona mkono wake ndani yake. Askari wa zimamoto walikuwa wameambiwa kwamba watu wasio na makazi hulala humo, wakaingia kuwatafuta. Wawili wakapotea, wakaita kwa simu ya upepo kwamba hewa katika mitungi yao inakwisha. Wenzao wakaingia kuwatafuta wao, na wanne katika hao nao wakapotea. Waliotafutwa hapo kwanza hawakuwamo kabisa: walikuwa wamekwisha toka mapema, wala hawakumwarifu mtu.

Ndipo Mike McNamee, mmoja wa wakuu wa kikosi, aliposimama mlangoni penye ngazi akawazuia waliotaka kuingia tena. Sita wamekwisha potea, aliwaambia, wala hatapotea mwingine.

Askari wa zimamoto hufunzwa kanuni: hatari kubwa ikubaliwe kwa roho inayoweza kuokoka, hatari ndogo kwa mali, na isikubaliwe hata kidogo kwa kilichokwisha potea. Kanuni ni njema, lakini haimtoshi mtu aliye mlangoni, kwa sababu inamtaka ajue jambo lile lile lililofichwa na moshi.

Waliozuiwa walikuwa na hoja yenye nguvu. Roho ni zao wenyewe. Walio ndani ni rafiki zao. Na yamkini mmoja bado anapumua. Hoja hii ingeshinda lau kila mtu angekuwa peke yake motoni. Lakini aingiaye huingia na ahadi ya wenziwe kwamba akipotea atatafutwa. Kwa hiyo, anapoitoa roho yake huziweka rehani na roho za wale watakaomfuata, na hakuwauliza. Wawili waliwatafuta wageni. Wanne waliwatafuta wawili. Nani angewatafuta wanne, na huyo naye angetafutwa na nani? Mnyororo wa namna hii hauna pete ya mwisho mpaka mtu mmoja akubali kuukata, na ni vigumu mno kuukata kwa yule ambaye moyo wake unamvuta ndani. Ndiyo maana kazi hiyo hupewa mwingine.

Huenda mtu akasema kwamba, ikiwa ni hivyo, hata wawili wa kwanza wasingaliingia, maana hapakuwa na wa kuokolewa. Kuhukumu hivyo ni kumpa mtu wa jioni elimu iliyopatikana kesho yake. Mwanzoni kutojua kuliwataka waingie, kwa kuwa huenda mtu yumo na ngazi bado zapitika. Mwishoni kutojua kule kule kuliwataka wakae nje, kwa kuwa jengo lilikuwa limekwisha onyesha linavyowafanya waingiao. Lililobadilika ni jengo. Thamani ya mtu aliye ndani haikupungua hata chembe, na hapo ndipo uchungu wote ulipo.

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mithali hiyo, pamoja na ukweli wake, haikumwekea nafasi mtu wa mlangoni. Kwake hakuendi kicheko, kwani nyuma yake wamebaki sita. Wala hafi kifo kiliwacho kishujaa. Hurudi nyumbani na swali ambalo hakuna awezaye kumjibia, na kuambiwa kwamba alitenda haki hakumpi jibu lake.

Waliozuiwa walitii. Moto ulipopungua walirudi kwenye kifusi, wakachimba pamoja na wenzao, na ilichukua siku nane hata wa sita alipotolewa.