Kutoonekana na Kutokuwepo

Katika biolojia, yaani elimu ya viumbe hai kama inavyofundishwa vyuo vikuu, hakuna kauli iliyo ngumu kuitetea kama ile inayokanusha. Anayedai kwamba kiumbe fulani kipo hutakiwa kukionyesha mara moja tu, ilhali anayedai kwamba hakipo hulazimika kujibia kila mahali ambapo hakutazama na kila saa ambayo hakuwepo. Mwanafalsafa Karl Popper, katika kitabu chake cha mwaka 1934, alieleza kwamba kauli inayohusu vitu vyote haithibitishwi na mifano hata ikiwa mingi kiasi gani, lakini mfano mmoja unaoipinga hutosha kuiangusha. Na kauli ya kutokuwepo ni ya jamii hiyo hiyo. Hata hivyo tabibu, mkulima na serikali hawawezi kufanya kazi bila kauli za namna hiyo, na ndipo linapozuka swali ambalo mwanafunzi wa biolojia anastahili kukutana nalo tangu mwaka wa kwanza: ni lini kutoonekana kwa kitu huwa ushahidi wa kutokuwepo kwake?

Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, ililikabili swali hilo Januari 2025. Katikati ya mwezi huo Wizara ya Afya ilieleza kwamba sampuli za wahisiwa zilizopimwa hazikuwa na virusi vya Marburg, ambavyo huleta homa kali inayoweza kuambatana na kutokwa na damu, na ambavyo makazi yake ya asili ni popo wala matunda. Kisha tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika kuwa navyo, baada ya majibu ya maabara ya Kabaile mkoani Kagera kuhakikiwa Dar es Salaam. Msomaji wa haraka huziona taarifa hizo kuwa zinapingana na huanza kuishuku maabara. Kwa hakika hazipingani, kwa sababu jibu hasi hueleza hali ya sampuli iliyopimwa, na sampuli si wilaya nzima. Wala sampuli si mgonjwa mzima: katika siku za mwanzo za homa virusi huweza kuwa vichache mno katika damu, hata kipimo kinachozidisha vipande vya chembe zake za urithi ili vitambulike kisivione, na ndiyo maana mtu aliyetolewa damu kabla ya kutimia saa 72 tangu dalili zianze hupaswa kupimwa tena.

Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025. Wagonjwa wawili walikuwa wamethibitishwa na maabara, wengine wanane walihesabiwa kwa uzito wa dalili na mazingira, na wote kumi walifariki dunia. Tangazo lenyewe lilikuwa kauli ya kutokuwepo, lakini lilikuwa na msingi ambao ukimya mtupu hauna, kwani zilisubiriwa siku 42 bila mgonjwa mpya, ambazo ni mara mbili ya siku 21, muda mrefu kabisa unaotarajiwa kupita kati ya kuambukizwa na kuugua. Hapa ndipo jibu la swali la awali linapopatikana: kutoonekana huwa ushahidi pale tu mtazamaji anapoweza kueleza kwamba kitu kile kingekuwepo kingeonekana wapi, kwa njia gani na baada ya muda gani. Na hata hapo kauli ile ya Machi ilikuwa na mipaka yake, kwa maana ilihusu maambukizi kati ya watu, si virusi vilivyomo katika popo. Mlipuko wa awali wa Marburg, wa Bukoba katika mkoa huo huo, nao ulikuwa umetangazwa kumalizika tarehe 2 Juni 2023, na bado virusi vikarudi.

Mkulima wa migomba wa Ngara, wilaya jirani na Biharamulo, analijua jambo hili kwa hasara. Mnyauko unyanjano, ugonjwa unaoletwa na bakteria wa jenasi ya Xanthomonas, hujidhihirisha kwa majani kunyauka yakiwa ya manjano na kwa ndizi kuiva kabla ya wakati, ambazo zikipasuliwa nyama yake huwa na madoa ya kahawia. Shina likikatwa hutoa ute wa manjano. Lakini kabla ya hayo yote bakteria huweza kukaa ndani ya mgomba usio na dalili yoyote, na chipukizi lake likatolewa kwa jirani kama mbegu safi, au panga lililoukata likapitishwa moja kwa moja kwenye shina la pili. Anayelichoma panga motoni kila anapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, hata migomba yote ikiwa ya kijani, anatenda kwa falsafa iliyo sahihi kuliko ya anayetegemea macho peke yake.

Inasikitisha kwamba somo la vitendo, kwa mazoea yake, huelekea upande mwingine. Mwanafunzi huwekewa chini ya hadubini slaidi ambayo mwalimu anajua kuwa ina kimelea, naye asipokiona huhesabiwa kuwa amekosa; hivyo hujifunza kwamba kutoona ni aibu ya mtazamaji, na huishia kuchora kile kilichomo kitabuni. Utamaduni wa maabara, wa kupima sampuli inayojulikana kuwa na kimelea sambamba na ile isiyojulikana ili kuhakikisha kwamba kipimo kina uwezo wa kuona, humfikia kama kanuni ya kukariri, wakati ndio moyo wa elimu yenyewe.

Vyuo vinavyowapokea vijana wa Ngara na Biharamulo, kuanzia Dar es Salaam hadi Morogoro, viweke katika kila mtihani wa vitendo angalau slaidi moja isiyo na kitu, na vimpe maksi kamili mwanafunzi atakayeandika kwamba hakuona, akataja sehemu aliyoitazama, ukuzaji alioutumia na kiasi cha vimelea ambacho njia yake isingeweza kukikosa.