Mtoto Akija Shuleni na Silaha, Mwalimu Afanye Nini?



Wazazi wametuuliza swali hili zaidi ya mara moja, nasi tumeona vema kulijibu kwa maandishi, ili kila familia ilisome na kulizungumza nyumbani. Swali ni hili: mwalimu akisikia kwamba mtoto wa darasa lake amekuja na kisu, bastola au guruneti, wajibu wake ni nini? Anyamaze ili asimharibie mtoto maisha? Amkabidhi kwa polisi aendelee na somo? Au amfukuze tu, shule ibaki na amani yake?

Wengine watasema hilo si swali la hapa kambini, kwa kuwa watoto wetu wanapigana kwa mawe na fimbo. Sisi tuliotoka Cibitoke hatuwezi kusema hivyo. Cibitoke ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Ngagara, Mutakura na Kinama. Kabla ya vita watu wa makabila mbalimbali walikaa humo pamoja. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa iligawanyika. Mwaka 1994 na 1995 vijana wa kila upande walishika silaha, na makundi kama Sans Échec yakatisha mji. Vijana wale hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwa watoto wa majirani, na baadhi yao walikuwa bado wanafunzi.

Vita viliisha kwa mapatano, lakini silaha nyingi zilibaki zimefichwa majumbani. Mwaka 2009 serikali ilitoa sheria ya silaha na kuwahimiza raia wazirudishe. Nyingi zilirudi, si zote. Kisha ukaja mwaka 2015. Tarehe 26 Aprili yalianza maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na Cibitoke ikawa mojawapo ya mitaa iliyofunga barabara. Miezi ikapita, mawe yakageuka risasi na guruneti. Tarehe 2 Novemba Rais aliwapa wenye silaha siku tano wazisalimishe. Asubuhi ya tarehe 12 Desemba, baada ya makambi ya jeshi kushambuliwa, maiti za vijana zilionekana barabarani Nyakabiga na katika mitaa mingine.

Fikirini hali ya mwalimu wa siku zile. Akinyamaza, guruneti ingeweza kulipuka katikati ya darasa zima. Akisema, mtoto angeweza kuchukuliwa asirudi. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kuwahukumu walionyamaza. Lakini kuelewa kwa nini mtu alinyamaza si sawa na kusema kwamba kunyamaza ni haki.

Nchi yetu imeona shule zikigeuka mahali pa mauti. Kibimba, Oktoba 1993, makumi ya wanafunzi walichomwa moto, na mkuu wa shule yao alihukumiwa kwa tendo hilo akanyongwa mwaka 1997. Katika Chuo Kikuu cha Burundi, kampasi ya Mutanga, Juni 1995, wanafunzi waliuawa usiku mabwenini, na kati ya wauaji walikuwamo wanafunzi wenzao. Hatutaji kabila la waliouawa huku wala kule. Tunasema hivi: mzazi anapomwachia mwalimu mtoto wake asubuhi, amemwachia amana. Hakuacha kichwa cha kujazwa hesabu peke yake. Ameacha mwili na roho, na jioni anataka kuvipokea vyote viwili.

Wala tusidhani ni shida ya nchi za vita tu. Tarehe 6 Januari 2023, katika mji wa Newport News, jimbo la Virginia nchini Marekani, mtoto wa miaka sita alimpiga risasi mwalimu wake darasani. Mwalimu alinusurika. Ilijulikana baadaye kwamba siku ileile watumishi wa shule walimpasha habari naibu mkuu wa shule, zaidi ya mara moja, kwamba mtoto yule huenda ana bastola. Mkoba wake ulipekuliwa, mifuko ya nguo zake haikupekuliwa. Novemba 2025 baraza la mahakama liliamua kwamba naibu yule alizembea, na kwamba mwalimu alipwe dola milioni 10. Shule ile ilikuwa na ofisi, simu na polisi wa karibu. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Jambo hili ni langu, na haliwezi kungoja kengele ya kwenda nyumbani."

Hapo ndipo tunapoona wajibu wa kwanza. Nabii Ezekieli, sura ya 33, anafundisha juu ya mlinzi aliyeona upanga unakuja asipige tarumbeta. Watu wakifa, damu yao inadaiwa mkononi mwake. Angalieni kwamba mlinzi hakuulizwa kama upanga ni wake, wala kama alikuwa na nguvu za kuuzuia. Aliulizwa kama aliona. Basi yule anayesikia habari wa kwanza, awe mwalimu, mpishi wa shule au mtoto wa dawati la nyuma, habari hiyo ni yake mpaka imfikie mtu anayechukua hatua. Kumwambia mwenzako kisha ukarudi kwenye chaki yako hakutoshi.

Lakini kupiga tarumbeta nako kuna namna yake. Kama ni guruneti au bastola, mwalimu asijifanye shujaa. Asiiguse, asimnyang'anye mtoto kwa nguvu, asimpigie kelele. Awatoe watoto wengine kwa utulivu, awapeleke mbali, na amtume mtu kwa mwalimu mkuu na kwa walinzi na polisi wa kambi. Kama ni kisu, amwite mwalimu mwenzake awe shahidi, wamtenge mtoto na wenzake, wazungumze naye kwa sauti ya chini. Asimchape mbele ya mstari wa asubuhi. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya wote atatafuta silaha nyingine kesho. Na wazazi wake waitwe siku hiyohiyo.

Sasa tulijibu swali gumu zaidi, lile la Cibitoke. Itakuwaje kama kumtoa mtoto ni kumpeleka kwenye kifo? Jibu letu ni kwamba silaha na mtoto ni vitu viwili. Silaha haina haki ya kufichwa hata saa moja. Mtoto ana haki ya kutoachwa peke yake. Mwalimu anayesema, "Nimeshakabidhi, yaliyobaki si yangu," amefanya nusu ya kazi. Aende naye, pamoja na mzazi na mzee mmoja wa kanisa. Amwone anaandikishwa kwa jina. Aulize ni nani aliyempokea, na kesho arudi kuuliza tena. Palipo na macho mengi, si rahisi mtoto kupotea.

Mwalimu wetu mkuu naye alikuwa na mwanafunzi mwenye silaha. Usiku ule bustanini, Petro alichomoa upanga akamkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu. Ukisoma Luka 22 na Yohana 18 utaona Yesu alivyofanya. Aliwaombea wanafunzi wengine waachwe waende. Aliuzuia upanga. Alimponya aliyeumizwa, ingawa alikuwa wa upande wa adui. Na Petro hakumtupa. Baada ya kufufuka alimrudia, akamkabidhi kondoo wake. Hakuchagua kati ya usalama wa wengi na roho ya mmoja. Alivishika vyote viwili, na gharama akaibeba mwenyewe.

Msiseme, "Yeye ni Bwana, sisi hatuwezi." Kati ya mwaka 2004 na 2006 watoto wapatao 3,000 waliotumikishwa katika vita vya Burundi waliondolewa jeshini na katika makundi ya waasi, wakarudishwa kwa jamaa zao. Wako waliorudi kukaa dawatini, na wako walimu waliowapokea. Hilo lilifanyika katika nchi maskini, vita vikiwa bado havijaisha kabisa.

Hatutamaliza bila kusema na wazazi. Mtoto hazai silaha. Ameiokota, amepewa na mkubwa wake, au ameichukua nyumbani, kama mtoto yule wa Virginia aliyechukua bastola ya mama yake. Mama huyo alifungwa. Na hata pasipo na bastola, tunawapa watoto wetu silaha ya maneno. Tukikaa jioni kwenye moto tukihesabu waliotuua na kuapa kwamba siku moja watalipa, mtoto anasikia. Kesho anakaa dawati moja na mtoto wa "wale". Hapa kambini mwalimu mmoja anaweza kuwa na watoto mia mbele yake. Tusimdai atoe shuleni kila siku kile tunachokitia nyumbani kila usiku.

Tunaomba kila familia wiki hii iwaulize watoto maswali haya, na iwasikilize bila kuwakemea. Shuleni kuna mtu unayemwogopa? Umewahi kuona kisu au silaha nyingine kwa mwenzako? Ungemwambia nani? Kama mtoto hana jina la kutaja kwa swali la tatu, basi mzazi, mwalimu na mzee wa kanisa wana kazi ya kufanya kabla ya Jumapili.

Mungu awalinde watoto wetu na awape walimu wao ujasiri. Amina.