Chombo cha Baba, Mikono ya Wote

Tuulizane neno moja, ndugu wasomaji. Mtu akiwa na shauku ya miaka mingi ya kuunda kitu kwa mikono yake, na jamaa yake wakamsaidia, je, kitu hicho ni chake au ni chao?

Huko Uingereza swali hili huzuka kwa habari ya motokaa. Wako watu wanaonunua gari likiwa vipande vipande, wakaliunganisha wenyewe nyumbani. Gari la Lotus Seven, lililotokea mwaka 1957, lilijulikana sana kwa jambo hilo, kwani zamani zile vipande havikutozwa kodi iliyotozwa gari zima. Wengine hungoja mpaka mvi zimeota ndipo waanze. Kwetu Fizi na Baraka, ambako ziwa liko mlangoni, shauku ya namna hiyo huwa ni ya chombo cha mbao.

Tumtwae kwa mfano baba mmoja wa Baraka. Tangu utoto aliwatazama mafundi ufukoni wakilaza mkuku, wakisimamisha mataruma, wakipigilia mbao na kuziba mianya kwa pamba. Akasema moyoni: Nami siku moja. Mwaka 1996 vita viliwakimbiza watu wengi wa Fizi. Wakavuka ziwa mpaka Kigoma, wakakaa kambini Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005 wengi wakarudishwa kwa meli mpaka Baraka. Baba huyu aliporudi alikuta kiwanja chake kimekuwa kichaka. Akajenga. Kisha ikaja ada ya shule, kisha ugonjwa wa mama yake, kisha mahari ya mdogo wake.

Watu watasema amechelewa. Sisi twasema sivyo. Aliyeweka shauku yake kando ili watoto wale hakupoteza wakati. Alilipa kwanza deni lililotangulia. Mvivu huahirisha kazi kwa ajili ya starehe, naye aliiahirisha kwa ajili ya wajibu.

Sasa mkewe amwambia, “Baba watoto, anza. Habari za chombo hicho nimezisikia tangu ulipoleta posa.” Tena anatoa fedha alizopata kwa kuanika na kuuza ndagala. Mjomba analeta mbao, wana wanashika msumeno. Furaha imeingia nyumbani. Walakini hapa ndipo penye ugumu. Fedha zile za mama ziliwekwa ili binti aingie sekondari. Kijana ashikaye msumeno leo hakwenda kuvua. Kila msaada una gharama yake, na mara nyingi mwenye shauku haioni, kwa kuwa macho yake yanatazama chombo tu.

Wengine hujibu: “Chombo ni cha baba. Wenzake wamempa zawadi, na zawadi haidaiwi. Tena nahodha wengi, chombo huenda mrama.” Neno hilo lina kweli ndani yake, maana usukani hushikwa na mtu mmoja. Lakini mshika usukani si mwenye safari yote. Mama aliyetoa akiba yake hakutoa bei ya mbao tu, alitoa na tumaini lake la kumwona binti shuleni. Hiyo ni amana, nayo amana hurudishwa.

Ziwa letu lenyewe lina mfano wa chombo kilichokuja vipande vipande. Meli ya Liemba, iliyoitwa kwanza Graf von Goetzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaja Dar es Salaam, ikachukuliwa kwa garimoshi mpaka Kigoma. Hapo ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitwaliwe na adui. Lakini mafundi waliipaka kwanza mashine yake mafuta mazito, isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena. Basi aliyetia mkono katika kazi haioni tena kuwa kitu cha wageni. Ndivyo walivyo mke, mjomba na wana. Si haki kuwaambia baadaye kwamba chombo hakiwahusu.

Kwa hiyo yafaa mambo matatu yasemwe kabla ubao wa kwanza haujapigiliwa. Kwanza, mke aulizwe kweli, tena apewe nafasi ya kukataa. Kwani kunyamaza kwa mtu aogopaye si kukubali. Pili, ada ya watoto itengwe, wala isiguswe hata mbao zikipungua. Tatu, kila aliyetoa ajue atapata nini samaki wakipatikana, na atapoteza nini dhoruba ikikivunja chombo mbele ya Ubwari.

Yakisemwa hayo waziwazi, baba na aanze bila hofu, ingawa mvi zimemjaa. Na misumari ikimwishia katikati ya kazi, asione haya kungoja tena mwaka mmoja, maana safari hii hangoji peke yake.